Msitu Mmoja, Mihtasari Miwili

Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika Mashariki kwa kalamu na rula. Mpaka ulianzia pwani, kwenye mdomo wa mto Umba, ukapinda ili Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani, halafu ukanyooka hadi Ziwa Victoria, pale latitudo ya digrii 1 kusini inapogusa ufukwe wa mashariki. Kati ya mlima na ziwa haukufuata mto wala safu ya milima. Ulikata malisho, ukakata njia za ng'ombe, ukakata na msitu mmoja mkubwa ulioko kwenye nyanda za juu, magharibi mwa Bonde la Ufa. Sehemu ya kaskazini ya msitu huo leo iko Kenya, katika milima ya Loita, kaunti ya Narok. Wamaasai wa huko wanauita Naimina Enkiyio, msitu uliompoteza mtoto, kwa sababu ya binti anayesimuliwa kwamba aliingia humo akichunga ndama. Ndama walirudi bomani, yeye hakurudi. Sehemu ya kusini iko Tanzania, kata ya Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro.

Historia ninayotaka kuisimulia ni ya somo la shule: jinsi jiografia ya sekondari ilivyopewa kazi ya kufundisha utunzaji wa mazingira, kwetu na katika nchi nyingine nyingi, na jinsi msitu kama huu ulivyoachwa nje ya somo hilo pande zote mbili za mpaka.

Kwanza tuuangalie msitu wenyewe. Hewa yenye unyevu ikifika kwenye ukuta wa Bonde la Ufa haina budi kupanda. Ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka ukungu na mvua. Ndiyo sababu juu kule kuna mtarakwa, podo na mizeituni mwitu, wakati chini, mwendo wa siku moja kwa miguu, kuna vumbi na migunga. Maji hushuka kuelekea mashariki hadi kwenye mabonde ya Wabatemi, ambao wengi wanawaita Wasonjo, na mengine huendelea kuelekea Ziwa Natron, mahali ambapo heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana. Wabatemi wamemwagilia mashamba yao kwa mifereji tangu zamani. Zamu za maji zilikuwa mikononi mwa baraza la wazee waitwao wenamiji, na mwanaanthropolojia Robert Gray aliyeishi nao alieleza utaratibu huo katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Kwa hiyo msitu wa Wamaasai na mifereji ya Wabatemi ni habari moja, hata kama majirani hao wamegombana mara nyingi kuhusu ardhi.

Kwa Wamaasai wa Loita, msitu ni malisho ya kiangazi. Nyasi za tambarare zikiisha, ng'ombe hupandishwa huko. Mvua zikirudi, hushushwa. Ni duka la dawa, ni mahali pa mizinga, ni mahali pa ibada. Mti wa oreteti, aina ya mkuyu, haukatwi. Mzeituni mwitu, wanaouita oloirien, una kazi ambayo mtoto yeyote wa boma anaijua. Mama akitaka kusafisha kibuyu cha maziwa, huchoma kijiti chake hadi ncha iwe kaa, hukiingiza kibuyuni, husugua kuta za ndani kwa kaa hilo, halafu hukung'uta vumbi jeusi. Maziwa yakimiminwa humo hupata harufu ya moshi na hayaharibiki upesi. Kijiti hukatwa tawini, na mti huachwa ukiwa hai. Hilo si somo la mazingira kwa maana ya shule, lakini ndani yake mna elimu: mti upi, sehemu ipi, kiasi gani, kwa kazi ipi.

Watanzania wengi walilisikia jina la Loliondo mwaka 2011, pale Mchungaji Ambilikile Mwasapile alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi kwenye barabara ya vumbi. Dawa ilichemshwa kutokana na mmea wa porini. Miezi ile nchi nzima ilizungumza juu ya Babu, kama mchungaji huyo alivyoitwa, lakini sikumbuki kusikia watu wakiuliza mmea huo unaota wapi, na nani anaitunza ardhi unapoota.

Sasa tuingie darasani. Mwanafunzi wa Narok chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, alifika kwenye mada ya misitu akakuta amepangiwa kulinganisha misitu ya mbao laini ya Kenya na ya Canada. Kwenye ng'ombe wa maziwa alilinganisha Kenya na Denmark. Kwenye ng'ombe wa nyama, Kenya na Argentina. Kwenye utalii, Kenya na Uswisi. Kwenye ardhi iliyookolewa kutoka majini, Uholanzi. Mwenzake wa Loliondo, upande wa pili wa msitu uleule, alijifunza matumizi ya mabonde ya mito kwa mfano wa Tennessee nchini Marekani pamoja na Rufiji. Sina ugomvi na Canada wala Tennessee. Jiografia isiyomtoa mtoto nje ya kijiji chake haijakamilika, na kulinganisha nchi ndiyo nguvu ya somo hili. Kinachonisumbua ni kwamba upande mmoja wa mizani uliwekwa Canada, na upande wa pili haukuwekwa msitu ambao mtoto anauona akitoka bwenini.

Hali hii ina asili yake. Mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya mpaka ule kuchorwa, Mwingereza kijana aitwaye Halford Mackinder alisoma hotuba mbele ya Chama cha Kijiografia cha Kifalme jijini London, akidai kwamba jiografia si orodha ya miji mikuu na rasi, bali ni elimu inayounganisha maumbile na binadamu. Alifundisha Oxford, na mwaka 1893 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha walimu wa jiografia nchini Uingereza. Mwaka 1899 alikuja kwetu akawa mtu wa kwanza anayejulikana kufika kilele cha Mlima Kenya. Hoja yake ilikuwa nzuri: jifunze mahali pako kwanza, miamba, maji, udongo, watu, kisha panua mduara. Lakini somo hilo lilipovuka bahari likiwa ndani ya vitabu na mitihani ya Cambridge, mahali pa kuanzia pakabaki kuwa Uingereza. Kijana wa Tabora alitahiniwa kwa karatasi zilizotungwa mbali, na duara lake lilianzia ng'ambo.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo James Aggrey kutoka Gold Coast. Ilisema elimu ilingane na maisha ya vijijini. Ushauri huo ulikuwa na pande mbili: ulikubali kwamba shamba na mazingira ya mtoto ni kitu cha kufundishia, na wakati huohuo ukatoa kisingizio cha kumpa Mwafrika elimu duni kuliko ya Mzungu. Wazazi wengi waliliona hilo la pili upesi, wakataka watoto wao wasome kilekile kinachosomwa Ulaya. Huwezi kuwalaumu.

Miaka ya 1930 vumbi la mashamba ya Marekani lilitia hofu ulimwengu mzima, na hofu hiyo ikafika makoloni. Maofisa wa kilimo Tanganyika wakaanza kuona mmomonyoko kila mahali, na kosa wakamtwisha mkulima na mfugaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja mipango mikubwa: Usukumani, Usambara, Uluguru, na Mbulu. Watu waliamriwa kupunguza mifugo, kufyeka vichaka vya mbung'o, kuchimba matuta. Uluguru, mwaka 1955, amri ya matuta ilizaa ghasia Matombo na mtu akapoteza maisha. Katika nyanda za juu za Mbulu, Wairaqw walikuwa na kilimo chao cha tangu enzi, chenye samadi, matuta na kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo, kwenye miteremko ambayo mgeni angeapa hailimiki. Walioleta mipango hawakuanza kwa kuuliza wenyeji walifanyaje. Nadhani hapo ndipo neno la utunzaji lilipopata harufu ya faini na askari, na harufu hiyo haijaisha.

Ikaja Serengeti. Ilikuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na Wamaasai waliishi ndani yake. Mwaka 1958 wazee 12 walitia saini makubaliano ya kuondoka, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe eneo ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt alitoa filamu na kitabu kuhusu Serengeti, baada ya mwanawe Michael kufa kwa ajali ya ndege Januari na kuzikwa kwenye ukingo wa kreta. Filamu ilipata tuzo ya Oscar. Kwa mamilioni ya watazamaji wa Ulaya, nchi hii ikawa picha ya nyumbu na simba, pasipo mtu. Picha hiyo imeingia katika vitabu vingi vya shule duniani, na mtoto wa Enguserosambu akija kukutana nayo hajikuti ndani yake, isipokuwa kama tatizo.

Uhuru ulikaribia kuleta sura nyingine. Septemba 1961, kwenye mkutano wa Arusha kuhusu hifadhi, Julius Nyerere alitoa tamko linalojulikana hadi leo kama Tamko la Arusha la wanyamapori, akichukua jukumu la urithi huo kwa niaba ya Tanganyika na kuomba ulimwengu usaidie kwa utaalamu na fedha. Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, waraka uliotaka shule iwe sehemu ya jamii, yenye shamba lake na kazi zake, na mwanafunzi asijione mgeni kwao. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Tulikuwa na nafasi ya kuandika upya duara la jiografia lianzie kwetu.

Na lilianza kuandikwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, BRALUP, na mwaka 1971 ramani za Tanzania zilizohaririwa na Len Berry zilichapishwa kitabuni. Pamoja na Wasweden wa Uppsala, akiwemo Anders Rapp, wanajiografia wa Dar walipima udongo unaopotea katika sehemu kadhaa za nchi. Kazi moja ninaiona kuwa somo bora la mazingira lililowahi kufanywa nchini. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilipiga Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kwa muda wa saa chache tu, na miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti walikwenda wakayahesabu maporomoko, wakapima upana na kina, wakaandika kila moja lilianzia kwenye nini. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Chini ya miti yalikuwa machache mno, kwa sababu mizizi mirefu hushika udongo pale mizizi mifupi inapoachia. Hapo hakuna aliyetishwa kwa jangwa. Kilichokuwepo ni mteremko, utepe wa kupimia na swali. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kurudia kazi hiyo kwenye korongo lililo nyuma ya shule yake.

Shamba la shule halikuwa na bahati hiyo. Waraka wa 1967 ulitaka liwe darasa. Shule nyingi zililifanya chanzo cha chakula, au adhabu: ukichelewa namba, jembe. Watu wa rika langu hawahitaji kusimuliwa. Mwalimu wa jiografia hakuwa na muda wa kwenda nalo sambamba na mada ya udongo, na aliyekuwa zamu hakuwa mwalimu wa jiografia.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inaanza kuzungumza kuhusu mazingira. Mkutano wa Stockholm wa 1972 ulizaa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na makao yake yakawekwa Nairobi. Mwaka 1975 ukafuata mkataba wa Belgrade, na Oktoba 1977 nchi zikakutana Tbilisi, Georgia, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Tbilisi waliamua jambo ambalo linaonekana hadi leo kwenye kila muhtasari: elimu ya mazingira isiwe somo la peke yake, ienee katika masomo yote na imfikishe mwanafunzi kwenye kutenda. Nchi baada ya nchi, mzigo ukaangukia zaidi jiografia na baiolojia. Mwaka 1992 wanajiografia wa dunia waliandika mkataba wao wa kimataifa kuhusu ufundishaji wa jiografia, na mwaka 2007 wakatoa tamko la Lucerne linalofunga somo lao na maendeleo endelevu.

Mwaustralia A. M. Lucas alikuwa amelieleza tatizo mapema, mwaka 1972, katika tasnifu yake. Alitofautisha elimu kuhusu mazingira, elimu ndani ya mazingira, na elimu kwa ajili ya mazingira. Wizara zinaandika malengo ya aina ya tatu. Mtihani unapima ya kwanza. Ya pili inahitaji basi, ruhusa na mchana mzima, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Lakini imewahi kufanyika bila basi. Mwaka 1964, katika miji ya Numazu na Mishima nchini Japani, kulikuwa na mpango wa kujenga viwanda vikubwa vya mafuta na kemikali. Wakazi walikuwa wamesikia habari za Yokkaichi, ambako moshi ulikuwa unawaua watu kwa pumu. Walimu wa shule ya sekondari ya ufundi ya Numazu na wanafunzi wao walitaka kujua moshi ungeelekea wapi. Mwezi Mei nyumba nyingi Japani zenye mtoto wa kiume hupandisha bendera za kitambaa zenye umbo la samaki, na upepo ukivuma samaki hujaa hewa na kugeukia unakoelekea. Wanafunzi walitembea wakaandika saa, mahali, na samaki ameelekea upande gani. Kwa mamia ya maandishi hayo walichora ramani ya upepo wa mji wao, ramani ambayo hata wataalamu wa serikali hawakuwa nayo. Wananchi waliisoma, wakaelewa, na kabla mwaka haujaisha mpango ulikuwa umeachwa. Ninapenda kila mwalimu wa jiografia wa kwetu aijue habari hii, kwa sababu vifaa vilivyotumika vilikuwa tayari vinapepea juu ya nyumba za watu.

Kwetu, pengo la kazi ya nje lilijazwa kwa sehemu na vilabu. Kenya ilianza vilabu vya wanyamapori mashuleni mwaka 1968, Uganda ikafuata mwaka 1975, Tanzania ikaanzisha Malihai mwaka 1980, makao yake Arusha. Mwaka 1991, Dar es Salaam, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alikaa barazani kwake na wanafunzi 12 wa sekondari wakaanzisha Roots & Shoots, ambayo sasa iko katika nchi nyingi duniani. Vilabu vimewapeleka maelfu ya watoto mbugani kwa mara ya kwanza, na vinastahili shukrani. Hata hivyo klabu ni ya anayetaka, saa 9 alasiri. Hoja ya somo la jiografia ni kwamba linamfikia hata asiyetaka.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Fungua kitabu chochote cha jiografia cha sekondari, tafuta sababu za mmomonyoko wa udongo na kuenea kwa jangwa: utakuta malisho kupita kiasi na ufugaji wa kuhamahama karibu na juu ya orodha. Sehemu ya fikra hiyo ina mizizi katika makala ya Garrett Hardin ya mwaka 1968, aliyewaza malisho ya wote ambamo kila mchungaji huongeza ng'ombe mmoja zaidi hadi nyasi ziishe. Hardin hakuchunguza malisho yoyote halisi. Alitoa mfano wa kufikirika. Elinor Ostrom wa Marekani alitumia miaka mingi kukusanya mifano halisi ya misitu, mifereji na malisho ya pamoja kutoka nchi nyingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha kwamba watu hutunza vya pamoja pale wanapokuwa na mipaka inayojulikana, kanuni walizojitungia, ulinzi wao wenyewe na adhabu zinazopanda hatua kwa hatua. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wenamiji wa Wabatemi na kiangazi cha Loita vingeingia katika orodha yake bila taabu.

Simaanishi kwamba mifugo haiharibu. Kondoa iliharibika kwa makorongo kiasi kwamba mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, ulioanza mwaka 1973, uliishia kuondoa mifugo yote katika eneo lililoliwa na mmomonyoko mwaka 1979, na nyasi zilirudi. Bei yake waliilipa wafugaji waliohamishwa. Shinyanga ilichukua njia nyingine. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 haukuanza kwa kufukuza. Ulifufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga sehemu ya malisho kwa ajili ya kiangazi. Kutoka takriban hekta 600 zilizokuwa zimetengwa mwaka 1986, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na miti, nyuki na kuni vikarudi. Kondoa na Shinyanga ziko katika nchi moja, zote zina ng'ombe, zote zilikuwa karibu na jangwa. Weka mbili hizo mbele ya kidato cha nne kwa vipindi viwili na watakuwa na hoja za kubishania wiki nzima.

Mtoto wa mfugaji anayekariri orodha ile anakariri kwamba baba yake ndiye sababu namba moja. Anaiandika vizuri apate alama. Nimewafikiria sana watoto hao. Mitihani inahesabika, lakini anachokibeba moyoni kuhusu kwao hakiandikwi popote.

Wakati shule inafundisha hivyo, sheria ilikuwa inaelekea kwingine. Kuanzia mwaka 1994 vijiji vya Duru-Haitemba, Babati, vilikabidhiwa misitu yao ya miombo baada ya kukataa isifanywe hifadhi ya serikali, vikaweka kanuni na walinzi, na misitu ikapona. Mfano huo ulisaidia kuunda sera ya misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyokipa kijiji haki ya kutangaza msitu wake mwenyewe. Kaskazini mwa mpaka, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baraza la wilaya ya Narok lilitaka Naimina Enkiyio ugeuzwe hifadhi ya watalii. Watu wa Loita waliunda chombo chao cha udhamini wakaenda mahakamani kuutetea. Kusini, vijiji vya Enguserosambu navyo vikaunda chombo cha udhamini wa msitu wao, ili kanuni za wazee zipate karatasi ambayo ofisi ya wilaya inaweza kuisoma. Msitu umebaki kuwa wa wenyeji kwa njia mbili tofauti za kisheria, katika nchi mbili, na ukoo ukiwa mmoja.

Na Enguserosambu iko katika wilaya isiyo na utulivu. Juni 2022 serikali iliweka vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kuwa pori tengefu, Pololeti, na kulikuwa na makabiliano na wananchi. Mwezi huohuo familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilihamia Msomera, Handeni. Mwalimu wa jiografia wa wilaya hiyo anasimama mbele ya wanafunzi ambao baadhi wana ndugu Msomera, na mada ya siku ni hifadhi ya mazingira. Hawezi kujifanya mada hiyo iko Brazil. Pia hawezi kufundisha siasa. Anachoweza ni kile ambacho somo lake lina uwezo nacho kuliko mengine: ramani, tarehe, kipimo cha mvua, nani hutumia nini na wakati gani.

Nafasi ipo. Mtaala mpya ulioidhinishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2024 una somo la Jiografia na Mazingira kwa shule za msingi, linalofundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaulizia maswali. Sekondari, mada ya mbinu za utafiti imekuwemo katika muhtasari wa jiografia kwa miaka mingi, na Kenya nayo huuliza swali la kazi ya nje katika mtihani wa kidato cha nne. Tatizo la maswali hayo ni kwamba yanajibika bila kutoka darasani: taja njia tatu za kukusanya data, taja matatizo mawili uliyokutana nayo. Swali likidai jina la kijito na vipimo vyenyewe, darasa halitakuwa na budi kutoka.

Nawawazia walimu wawili, mmoja Loita, mmoja Enguserosambu, wakikubaliana kwa simu. Kila shule inatengeneza kipimamvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, na rula ya sentimita 30. Kila asubuhi saa 3, mwanafunzi wa zamu anaandika milimita. Mara moja kwa mwezi wanapima kijito kimoja kila upande: upana kwa kamba yenye mafundo, kina kwa fimbo mahali patano, na kasi kwa kutupa kipande cha gome na kuhesabu sekunde hadi kifike alama ya mita 10. Zidisha, andika, badilishana. Baada ya mwaka wana grafu mbili za msitu mmoja, mvua juu na maji chini, na wanaona maji yanachelewa muda gani kuifuata mvua pale penye miti na pale palipofyekwa. Halafu kidato cha nne cha Enguserosambu kinashuka mabondeni kwa Wabatemi, kikiwa na grafu mkononi, kwenda kuwauliza wazee wa zamu za maji mwaka huu mfereji ulikauka mwezi gani, na shamba la mwisho lilipata maji mara ngapi.